Anayemwogesha Mgonjwa Amechunguzwa na Nani?

Muuguzi wa Kampala akipata kazi ya uuguzi katika makao ya wazee huko Leeds, safari yake huanzia polisi. Tangu 2017, Uingereza imekuwa ikiwataka wageni wanaoomba viza kwa kazi za afya, elimu na ustawi wa jamii waoneshe cheti cha polisi kutoka kila nchi waliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Kwa hiyo ataenda idara ya Interpol ya Polisi ya Uganda, atalipa ada, atatoa alama za vidole, atasubiri barua ya kusema kwamba hana rekodi ya jinai. Akishafika kule, mwajiri naye atamfanyia uchunguzi wa kwao kabla ya kumwacha peke yake na mzee wa watu.

Muuguzi huyohuyo akiamua kubaki nyumbani na kuomba kazi katika makao ya watoto Mukono, au kumhudumia mzee aliyepooza Ntinda jijini Kampala, mambo mara nyingi huwa mepesi. Nakala ya cheti cha chuo, nakala ya ndaga muntu (kitambulisho cha taifa), namba mbili za simu za wadhamini, kisha anaambiwa aanze Jumatatu. Tunamhakikishia mzee wa Leeds usalama ambao mzee wa Ntinda hapati, na karatasi zenyewe zinatoka mji mmoja.

Wengi wakisikia hivyo husema basi kila mhudumu wa afya adaiwe barua ya polisi, yaishe. Mimi nadhani barua ya polisi ndiyo inayoheshimiwa kupita kiasi katika jambo hili. Uchunguzi wa mhudumu una maswali manne tofauti. Huyu ni nani hasa? Kazi anaijua? Amewahi kutiwa hatiani na mahakama? Na alikotoka, aliowahudumia aliwatendea vipi? Uganda ina taasisi za kujibu matatu ya kwanza, ingawa kila moja hufungia jibu lake kwenye kabati lake. Swali la nne, lenye uzito kuliko yote, halina mwenyewe.

Kabla ya kuyafungua maswali hayo, tuzitazame wodi zetu zilivyo. Katika hospitali nyingi za serikali, kumlisha mgonjwa, kumwogesha, kumgeuza kitandani na kumpeleka chooni ni kazi ya jamaa aliyekuja naye, ambaye usiku hulala kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Jamaa huyo ni mlinzi pia, japo hakuna aliyemkabidhi kazi hiyo. Anayebaki mikononi mwa wasiomjua kabisa ni mgonjwa asiye na mtu: mtoto wa makao, bibi ambaye wanawe wako Dubai, mgonjwa wa akili aliyeokotwa barabarani, mkimbizi aliyevuka mpaka peke yake. Nikisema watu wanaodhurika kwa urahisi nawafikiria hao, pamoja na yeyote aliyelazwa kwa dawa ya usingizi.

Jina na kazi

Swali la kwanza linaonekana jepesi. Mtu ana kitambulisho, namba yake ya utambulisho, NIN, iko kwenye mfumo wa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili iliyoundwa kwa Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015. Kuna nini cha kuuliza tena? Kuna majina. Cheti cha chuo kinasema Nakato Sarah, leseni inasema Sarah Nakatto kwa t mbili, kitambulisho kina jina la Kiislamu alilolichukua alipoolewa. Tofauti nyingi za namna hiyo hazina ubaya, na hati ya kiapo huzimaliza. Lakini anayetaka kuacha historia yake nyuma hupita mlango huohuo. Mwajiri anayepokea karatasi tatu zenye majina matatu bila kuuliza hata neno moja ameshindwa kabla ya kuanza.

Swali la pili lina majibu mazuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1996 zilipatikana sheria tatu, kila moja na baraza lake. Madaktari na madaktari wa meno wako chini ya UMDPC. Wauguzi na wakunga wako chini ya UNMC. Maafisa tabibu, wataalamu wa maabara, wapiga picha za eksirei, wataalamu wa fiziotherapia na wenzao wako chini ya AHPC. Wafamasia wana utaratibu wao, na biashara ya dawa inasimamiwa na mamlaka ya dawa, NDA.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kusajiliwa na kuwa na leseni ni mambo mawili. Usajili unasema mtu alisoma, akafaulu, akaandikwa kwenye daftari. Leseni ya kufanya kazi ina muda wake, na ukiisha lazima ihuishwe. Ukimwomba mtu leseni akakuonesha cheti cha usajili cha 2011 kilichowekwa kwenye fremu, bado hajakujibu. Pengine alisimamishwa 2019, pengine ameacha tu kulipa ada. Vyovyote vile, karatasi ya ukutani haiwezi kukwambia. Mabaraza yana madaftari ya wazi, na mengine yanaweza kutafutwa mtandaoni kwa jina. Inashangaza jinsi wenye kliniki wachache wanavyojisumbua kutafuta, ilhali hawakosi muda wa kupekua Facebook ya msichana wanayetaka kumwajiri mapokezi.

Kwa wageni, UMDPC hutoa usajili wa muda, na humtaka daktari alete barua ya baraza la kwao inayothibitisha kwamba hana kesi ya nidhamu. Barua hiyo haifanani na ile ya polisi. Baraza linazungumzia mwenendo wa kitaaluma, polisi wanazungumzia makosa ya jinai. Daktari anaweza kuwa safi kwa polisi na huku amefutwa kwenye daftari la kwao kwa kuwagusa wagonjwa isivyofaa, maana hakuna aliyempeleka mahakamani.

Tatizo la wageni kwa kawaida halianzi kwa wale wanaoomba usajili. Linaanza kwa wanaoingia kama watu wa hisani. Jinja inakumbuka kituo cha lishe cha shirika la Serving His Children, kilichoanzishwa na Renee Bach, Mmarekani ambaye hakuwa amesomea udaktari wala uuguzi. Mamlaka za afya za wilaya zilikifunga mwaka 2015. Mwaka 2019 akina mama wawili walimshtaki wakidai aliwatibu watoto bila sifa. Yeye alikana, na 2020 kesi ikaisha kwa maelewano bila upande wake kukiri kosa. Sina haja ya kuihukumu upya. Ninachokiona hapo ni jinsi ilivyo rahisi kituo chenye nia njema, watoto wagonjwa na wafadhili wa mbali kufanya kazi kwa miaka mingi huku kila ofisi ikidhani ofisi nyingine imeshauliza.

Leseni nayo ina mpaka wake. Katikati ya mwaka 2021, wakati watu wakigombania chanjo ya Uviko, kitengo cha Ikulu kinachofuatilia huduma za afya kilitangaza kwamba watu wasiopungua 800 walikuwa wamechanjwa kwa chanjo feki, na baadhi ya chupa zilikuwa na maji. Wahudumu wawili wa afya walikamatwa. Watu hawakuuliza leseni, na hata wangeuliza, kuwa na leseni hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Leseni inasema tu kwamba mkono huo unajua kuchoma sindano.

Wasiomo kwenye daftari lolote

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu mjadala wa uchunguzi huwa juu ya madaktari na wauguzi, na hao ndio walio rahisi kuchunguzwa. Mgonjwa asiyejiweza hukaa muda mrefu zaidi na watu ambao baraza halina habari nao.

Chukua wasaidizi wa wauguzi. Wamejaa kwenye kliniki za mitaani, wamevaa koti jeupe, wagonjwa wanawaita musawo, yaani daktari, kama wengine wote, lakini kwa UNMC hawamo. Chukua wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, ambao mpango wao ulianza 2001. Huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, hujitolea, huingia nyumbani kwa watu, hupima watoto, hufuatilia wanaotumia dawa za kifua kikuu. Kuchaguliwa na majirani ni uchunguzi mzuri kwa namna yake, pengine bora kuliko karatasi nyingi, maana kijiji kinajua nani huwapiga watoto wa kaka yake. Lakini kijiji pia kina woga wake. Mtoto wa tajiri au jamaa wa mwenyekiti haangushwi na sababu zilezile zinazomwangusha mwana wa mjane.

Halafu kuna waangalizi wa nyumbani, kazi inayokua haraka Kampala kadiri watoto wa wazee wanavyohamia nje. Anaajiriwa kwa simu kutoka Toronto au Doha, analipwa kwa simu, na anayemsimamia ni kamera iliyofichwa juu ya kabati la vyombo. Mwaka 2014 video ya mfanyakazi wa ndani wa Kampala akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo ilizunguka dunia nzima. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Baada ya hapo ziliuzwa kamera nyingi. Kamera inakuonesha lililokwisha kutokea.

Wapo pia wafagiaji wa wodi, askari wa geti, madereva wa ambulensi, wapishi wa makao. Na wapo wakalimani, ambao nashangaa hawatajwi kabisa. Fikiria makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II: mkimbizi kutoka Ituri au Kivu Kaskazini anaingia chumba cha daktari, daktari ni Mnyankole au Mnyoro aliyesomea kwa Kiingereza, na katikati yao kuna kijana wa kambini anayejua Kiswahili na lugha mbili tatu nyingine. Mama anaeleza jinsi alivyobakwa njiani. Kijana anatafsiri. Kijana anakaa kitongoji kimoja naye, pengine ni wa kabila la waliombaka, na jioni watakutana kwenye bomba la maji. Ametakiwa kujua lugha, basi. Kama anatunza siri, kama amewahi kudai fedha au kitu kingine ili aseme maneno mazuri kwa daktari, hilo halimo kwenye fomu ya kumwajiri. Mashirika makubwa huwasainisha kanuni za maadili, na hiyo ni afadhali kuliko kutofanya kitu, lakini saini ni ahadi ya kesho tu. Jana yake imebaki bila kuulizwa.

Barua ya polisi inasema nini

Sasa twende kwenye karatasi inayoheshimiwa. Pale wanapotumia wino, kidole hubingirishwa kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, kisha hubingirishwa vilevile kwenye fomu, kimoja kimoja, vyote kumi. Anayekaza mkono huiharibu. "Legeza, dada, usinisaidie," atakwambia afande kwa Kiswahili, ambacho kwa polisi wa Uganda ni lugha ya kazi. Waliozoea jembe na sabuni ya kufulia hurudiwa mara mbili tatu kwa sababu mistari ya vidole imelika.

Vidole hivyo hulinganishwa na vya watu walio kwenye kumbukumbu. Visipofanana na vya yeyote, unapata barua. Isomwe kwa makini: haisemi kwamba mtu huyu ni mwema. Inasema kwamba, hadi siku ya tarehe iliyo juu yake, polisi hawana rekodi ya jinai inayolingana naye. Barua ya Januari haijui lililotokea Machi. Na kama aliishi miaka sita Nairobi au Goma, ya Kampala haina la kusema juu ya miaka hiyo.

Lakini tatizo kubwa liko kabla ya barua. Ili mtu aonekane kwenye rekodi, lazima mtu mwingine alalamike, polisi wafungue jalada, ushahidi upatikane, mashahidi wafike, hakimu au jaji ahukumu. Ripoti za polisi za kila mwaka huonesha kesi zaidi ya 10,000 za kunajisi watoto, na zinazofika hukumu ni sehemu ndogo. Nyingine humalizwa nyumbani kwa mbuzi na bahasha. Nyingine hufa kwa sababu familia imehama, au nauli ya kwenda mahakamani mara ya tano haikupatikana.

Kwa mhudumu wa afya kuna kizuizi cha ziada ambacho wengi hawakifikirii. Mtoto au mwanamke aliyedhulumiwa kingono hupewa fomu ya polisi 3A apeleke kituo cha afya, akapimwe na kuandikiwa matokeo. Kama tarafa nzima ina kituo kimoja cha afya, na mtuhumiwa anafanya kazi hapohapo, fomu inajazwa na mwenzake wa zamu. Sisemi kila mwenzake atamficha. Nasema mama wa mtoto, akiwa na fomu mkononi kwenye benchi la kituo hicho, ana sababu nzuri ya kuinuka na kurudi nyumbani.

Kinachonikera ni kwamba sheria yetu inaujua uzito wa nafasi ya mtu, ila inaukumbuka baadaye. Marekebisho ya Sheria ya Adhabu ya 2007 yaliweka kosa la kunajisi katika daraja la juu kabisa pale mtendaji anapokuwa na mamlaka juu ya mtoto, au mtoto anapokuwa na ulemavu; adhabu yake ya juu ni kifo. Kwa hiyo mahakamani tunakubali kwamba mlezi na mganga wana hatari ya kipekee. Kwenye meza ya usaili hatukubali. Mei 2021 Bunge lilipitisha Muswada wa Makosa ya Kingono uliokuwa na daftari la waliohukumiwa kwa makosa hayo, lakini Rais hakuutia saini. Kenya ilikuwa imeingiza daftari la namna hiyo katika sheria yake ya makosa ya kingono ya 2006.

Swali lisilo na mwenyewe

Tuseme kuna afisa tabibu katika hospitali ya shirika moja la dini. Wagonjwa watatu kwa nyakati tofauti wanalalamika kwamba amewashika isivyo. Utawala unamwita. Hakuna anayetaka aibu, hakuna anayetaka gazeti, mfadhili anakuja mwezi ujao. Anashauriwa aandike barua ya kuacha kazi. Anaandikiwa barua ya shukrani inayosema alikuwa mchapakazi, mwenye kushirikiana na wenzake, na wanamtakia kila la heri. Miezi miwili baadaye yuko wilaya nyingine, ana leseni halali ya AHPC, ana barua safi ya polisi, ana ndaga muntu, na ana barua ya shukrani. Karatasi zote nne zinasema kweli, na mtu mwenyewe ni hatari.

Serikalini jambo lilelile hufanyika kwa uhamisho. Wahudumu wa wilaya huajiriwa na tume za utumishi za wilaya, wale wa hospitali za rufaa na Tume ya Utumishi wa Afya, na tume hizo zina mamlaka ya nidhamu. Lakini mchakato wa nidhamu ni mrefu, una barua nyingi, na mkuu wa kituo anayetaka amani huona ni rahisi kuomba fulani apelekwe kituo kingine. Tatizo linapanda pikipiki kwenda kwa watoto wengine.

Waingereza walijifunza somo hili kwa gharama. Agosti 2002 wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 waliuawa katika mji wa Soham na Ian Huntley, mwangalizi wa shule. Ilibainika baadaye kwamba polisi wa mkoa alikoishi awali walikuwa na mfululizo wa tuhuma za kingono dhidi yake, hakuna hata moja iliyofika hukumu, na hazikumfikia aliyemwajiri. Uchunguzi wa Sir Michael Bichard wa 2004 ulizaa sheria ya 2006 na, mwaka 2012, taasisi iitwayo DBS. Kitu cha maana katika mfumo huo, kwa maoni yangu, ni wajibu wa mwajiri. Akimfukuza mtu, au mtu akijiuzulu kabla ya kufukuzwa, kwa sababu alimdhuru mtoto au mtu mzima asiyejiweza, sheria inamlazimu mwajiri kupeleka taarifa. DBS huzipima na inaweza kumweka mtu kwenye orodha ya waliozuiwa kufanya kazi hizo hata kama hakuwahi kufikishwa mahakamani. Barua ya shukrani haiwezi kumwokoa.

Kuwa na rekodi nako si kinga ya kila kitu. Harold Shipman, daktari wa hukohuko Uingereza, alitiwa hatiani mwaka 1976 kwa kughushi maandishi ya dawa ya pethidine aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Alitozwa faini, akarudi kazini, na hadi anakamatwa 1998 alikuwa ameua wagonjwa wake wapatao 215 kwa hesabu ya uchunguzi rasmi. Rekodi ilikuwepo na wakubwa waliijua.

Karibu na kwetu, mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo uliacha kovu jingine. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti Septemba 2021 ikitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na shirika hilo. Wanawake wengi walisimulia kwamba waliahidiwa kazi. Dharura ni wakati ambapo watu huajiriwa kwa mamia ndani ya wiki, na ni wakati huohuo ambapo wanaohudumiwa hawana pa kukimbilia. Uganda, yenye wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu na milipuko yake ya Ebola, haina anasa ya kulitazama hilo kama jambo la ng'ambo ya mpaka.

Mashirika ya misaada yamebuni njia ya kulijibu swali la nne bila kusubiri sheria. Tangu 2019 yapo yaliyojiunga na mpango wa kuulizana: kabla ya kumwajiri mtu, shirika humwandikia kila aliyemwajiri katika miaka mitano iliyopita na kuuliza kama alipatikana na hatia ya kinidhamu ya unyanyasaji wa kingono, au kama aliondoka uchunguzi ukiendelea. Umoja wa Mataifa una mfumo wake, ClearCheck. Hospitali ya Kampala haihitaji ruhusa ya mtu kuanza kuuliza namna hiyo kwa barua ya ukurasa mmoja.

Wakurugenzi wengi huogopa kujibu. Wanataja Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, wanataja kushtakiwa kwa kashfa. Woga huo umetiwa chumvi. Sheria ya 2019 inaruhusu taarifa kutolewa kwa ridhaa ya mhusika, na ridhaa hiyo huombwa kwenye fomu ya maombi ya kazi: natoa idhini mwajiri wangu wa zamani aulizwe kuhusu mwenendo wangu. Asiyetaka kuisaini amekwisha kukwambia jambo. Na kwa kanuni za kashfa tulizorithi, anayemjibu mwajiri mwenzake kwa nia njema, akisema anachokijua bila chuki wala chumvi, ana kinga. Kisichokuwa na kinga ni uvumi, kwa hiyo ajibu kwa yaliyoandikwa kwenye jalada.

Haki ya mhudumu nayo iko palepale. Katiba inamhesabu mtu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, na hospitali ni mahali pa fitina kama ofisi nyingine yoyote. Muuguzi aliyekataa rushwa ya bosi anaweza kubandikwa tuhuma. Ndiyo maana swali liwe juu ya uchunguzi uliofanyika na matokeo yake, na mhusika aoneshwe jibu na kupewa nafasi ya kueleza. Rekodi za zamani nazo zipimwe kwa akili. Kwa miaka mingi vijana maskini walikamatwa mitaani kwa makosa ya uzururaji, hadi Mahakama ya Katiba ilipofuta baadhi ya vifungu hivyo mwishoni mwa 2022. Mfagiaji wa wodi aliyelala selo Old Kampala mwaka 2009 kwa kuonekana mzururaji hana hatari yoyote kwa mgonjwa. Mwenye hukumu ya wizi wa dawa hastahili funguo za stoo, ila anaweza kuwa mpishi mzuri. Na ada za karatasi hizi azilipe mwajiri, hasa kwa watu wa mishahara ya chini wanaotoka Karamoja au Kisoro.

Kwa mwenye kliniki, na kwa familia

Yote haya yakiendelea kusubiri Bunge, yapo yanayowezekana wiki hii. Tafuta jina kwenye daftari la baraza mwenyewe, usitosheke na nakala. Usimpigie mdhamini kwa namba uliyopewa na mwombaji; tafuta namba ya hospitali yenyewe, omba msimamizi wa wauguzi, uliza swali moja lisilokwepeka: ungemrudisha kazini kwenye wodi ya watoto? Sikiliza kimya kinachotangulia jibu. Uliza kila mwezi uliokosekana kwenye historia yake ya kazi. Nyingi ni uzazi, ugonjwa au ukosefu wa ajira, na mwenye sababu ya kweli huitoa bila kutapatapa.

Kisha panga kazi kana kwamba uchunguzi umeshindwa, kwa sababu mara nyingine utashindwa. Uchunguzi wa sehemu za siri ufanywe kukiwa na mtu wa pili chumbani. Mtoto asipelekwe eksirei peke yake usiku. Mzee anayehudumiwa nyumbani atembelewe na jamaa bila taarifa, saa ambazo hazitabiriki, na jamaa huyo amtazame mwilini.

Ukiona jambo, usianze na mwenye kliniki peke yake. Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya 2016, inawataka mtabibu, afisa ustawi wa jamii na mwalimu watoe taarifa wakiamini kwa sababu za msingi kwamba mtoto anahitaji ulinzi. Simu ya watoto, 116 Sauti, ni ya bure. Jinai ni ya polisi. Leseni ni ya baraza, na baraza linaweza kumsikiliza mlalamikaji hata kama polisi wamefunga jalada, kwa kuwa linapima maadili ya kazi. Andika malalamiko kwa mkono kama huna kompyuta, taja tarehe, wodi na zamu, peleka nakala mbili, na usiondoke mapokezi hadi moja imegongwa muhuri wa kupokelewa na kurudishwa kwako.